Kubadilisha redio katika kabini ya mashine nzito

Kubadilisha redio katika kabini ya mashine nzito ni kazi ya kuondoa redio iliyoharibika katika chumba cha opereta wa mashine kama ekskaveta, tingatinga, greda, shoveli au lori la mgodini, na kufunga nyingine mahali pake. Kwa macho kazi hii inafanana na ile ya gari dogo: redio hutolewa kwenye dashibodi, nyaya huunganishwa upya, redio mpya husukumwa ndani. Tofauti iko nyuma ya redio. Mashine nyingi nzito hutumia umeme wa volti 24, ilhali redio nyingi zinazouzwa madukani ni za volti 12. Redio ya gari ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa mashine huungua, mara nyingi papo hapo. Waya ulioongezwa bila fyuzi unaweza kufanya kibaya zaidi, yaani kuanzisha moto unaoteketeza mashine yote.

Katika Afrika ya Mashariki kuna jambo la pili. Mashine nyingi huingia zikiwa zimeshatumika kwingine, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na zile zinazotoka Japani huja na redio ambazo hazishiki sehemu kubwa ya vituo vya FM vya hapa. Redio ya namna hiyo huitwa mbovu ingawa ni nzima kabisa.

Kwa nini redio za mashine huharibika

Kabini ya mashine si mahali pazuri kwa chombo cha elektroniki. Injini ya dizeli, minyororo ya chuma na nyundo ya kuvunjia mawe hutikisa kila kitu kwa saa nyingi kila siku. Mtikisiko huo hupasua lehemu ndogo za risasi kwenye bodi ya redio na kulegeza plagi nyuma yake. Dalili yake inajulikana na maopereta wote: redio hunyamaza, hupigwa kofi, huanza kuimba tena. Kofi hilo ni kipimo kizuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu redio inayozinduka kwa kupigwa kwa kawaida ina lehemu iliyopasuka au plagi iliyolegea, na si saketi iliyokufa. Redio zenye sehemu ya kuchezea CD huathirika zaidi kwa kuwa zina mota, meno ya plastiki na lenzi inayoziba kwa vumbi. Ndiyo maana redio zinazotengenezwa mahususi kwa mashine nzito siku hizi mara nyingi hazina CD, bali USB na bluetooth tu.

Joto nalo hufanya kazi yake. Kabini iliyofungwa na kuachwa juani hupata joto kali kuliko hewa ya nje, na skrini ya redio ndiyo huanza kufifia. Maji huingia pale kabini inapooshwa kwa mpira wenye nguvu.

Sababu nyingine ni umeme wenyewe. Waya wa betri ukichomoka wakati alteneta inachaji kwa nguvu, volti katika mfumo wa volti 24 inaweza kupanda na kupita 100 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Fundi anayechomelea ndoo au fremu bila kutenga betri anaweza kupitisha mkondo wa mashine ya kuchomelea kwenye nyaya za kabini. Katika hali zote mbili redio huwa ni hasara ndogo. Kompyuta ya injini ndiyo ghali.

Je, redio imeharibika kweli?

Kabla ya kununua redio mpya, mita ya umeme na dakika kumi hutosha kujibu swali hili. Ikiwa redio haiwaki kabisa, hukaguliwa kwanza fyuzi ya kabini, kisha fyuzi ndogo iliyo nyuma ya redio yenyewe, ambayo mafundi wengi huisahau. Baadaye hupimwa volti kwenye plagi ya redio, ufunguo ukiwa umewashwa, kati ya waya wa umeme na waya wa hasi. Kipimo kinachosoma sawa kwenye bodi ya chuma ya kabini lakini hakisomi kwenye waya wa hasi wa plagi maana yake ni kwamba waya wa hasi umekatika. Kabini ya mashine hukaa juu ya mipira ya kupunguza mtikisiko, kwa hiyo uunganisho wa hasi kati ya kabini na fremu hutegemea waya mnene au utepe wa chuma, na kiungo hicho hushika kutu.

Ikiwa redio inawaka lakini haina sauti, spika hupimwa. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya omu 3 na 4 hivi. Ikiwa sauti ya USB inatoka lakini hakuna kituo kinachoshika, tatizo liko kwenye antena au kwenye masafa. Antena za ekskaveta huvunjwa na matawi ya miti. Zile zilizochorwa kwenye kioo huwa na kikuza ishara kidogo kinachohitaji umeme wake, na kikikosa umeme huo redio hushika mkwaruzo tu.

Masafa ya Japani na ya Marekani

Matangazo ya FM katika Afrika hutumia masafa ya MHz 87.5 hadi 108. Japani ilitenga MHz 76 hadi 90, na katika miaka ya 2010 ikaongeza hadi 95. Redio ya zamani ya Kijapani, basi, inakutana na vituo vyetu kati ya 87.5 na 90 tu. Vingine vyote viko nje ya uwezo wake, na hakuna kuirekebisha kwa kubonyeza vitufe kama haikutengenezwa na chaguo la nchi.

Wenye magari ya Kijapani wanajua dawa ya kawaida, yaani kisanduku kidogo cha kubadili masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena. Kisanduku hicho hupunguza namba fulani isiyobadilika. Kikipunguza MHz 14, kituo cha 98 huonekana kwenye skrini kama 84. Hata hivyo dirisha la Kijapani lina upana wa MHz 14, na la hapa lina zaidi ya 20, kwa hiyo sehemu ya vituo hubaki nje daima: kwa mfano huu, kila kilicho juu ya 104. Zaidi ya hayo, visanduku vingi vya aina hii ni vya volti 12. Katika ekskaveta ya volti 24 huungua kabla ya kushika kituo hata kimoja. Ikiwa redio ya Kijapani ina kasoro nyingine yoyote, kuibadilisha huwa na maana kuliko kuiongezea kisanduku.

Redio za Marekani zina tatizo dogo zaidi lakini linalokera. Huko vituo vya FM hupangwa kwa hatua za MHz 0.2, na namba ya mwisho huwa witiri daima: 88.1, 88.3, 88.5 na kuendelea. Redio inayofuata hatua hizo haiwezi kusimama kwenye 88.4 au 100.0. Kwenye AM hatua ya Marekani ni kHz 10, ilhali ya Afrika ni kHz 9, na namba hizo mbili hukutana kila baada ya kHz 90 tu: 540, 630, 720. Redio nyingi za kisasa zina chaguo la eneo katika menyu au kwa kushikilia vitufe viwili kwa pamoja, na kitabu cha redio husema ni vipi. Kitufe kilichoandikwa WB katika redio za mashine kutoka Marekani ni cha matangazo ya hali ya hewa ya huko, kwenye MHz 162.400 hadi 162.550. Hapa hakina kazi.

Volti 24 na volti 12

Mashine kubwa na za kati huwa na betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ili kupata volti 24. Sababu ni stata. Kuzungusha injini kubwa ya dizeli kwa volti 12 kungehitaji mkondo maradufu na nyaya nene zaidi. Mashine ndogo, matrekta ya kilimo na mashine nyingi zenye ndoo mbele na kijiko nyuma hutumia volti 12.

Kuhesabu betri si ushahidi. Mashine ya volti 12 inaweza kuwa na betri mbili zilizoungwa sambamba, chanya kwa chanya. Hupimwa kwa mita: mfumo wa volti 24 husoma takriban 25 injini ikiwa imezimwa na betri zikiwa zimejaa, na kati ya 27 na 28.5 injini ikiunguruma. Ikiwa mashine ni ya volti 24 lakini kwenye plagi ya redio mita inasoma karibu 13, basi mtu aliyetangulia alishafunga kibadili volti mahali fulani, na ni vizuri kukitafuta kabla ya kuongeza kingine.

Redio ya gari hutengenezwa kwa volti 14.4, na kwa kawaida huvumilia hadi karibu 16. Ikipewa 28, saketi ya kikuza sauti na vidhibiti vyake huungua. Njia sahihi ni mbili. Ya kwanza ni kununua redio ya volti 24 tangu mwanzo. Malori makubwa ya Ulaya hutumia volti 24 pia, kwa hiyo redio iliyotolewa kwenye lori lililokatwakatwa inaweza kufaa, ingawa baadhi hudai namba ya siri au mawasiliano na kompyuta ya lori na hazitawaka peke yake. Ya pili ni kuweka kibadili volti kati ya mashine na redio.

Njia ya tatu, ambayo ni ya kawaida kuliko zote na ni mbaya, ni kuvuta waya kutoka katikati ya betri mbili. Betri moja ina volti 12, redio inataka volti 12, na redio hufanya kazi vizuri siku hiyo. Madhara huonekana baadaye. Alteneta hupitisha mkondo uleule katika betri zote mbili, lakini redio hunyonya kutoka betri moja tu. Betri hiyo haijai tena sawasawa na mwenzake. Alteneta huona jumla ya volti 28 na kuridhika, bila kujua kwamba upande mmoja una 13 na mwingine 15. Yenye njaa huharibika kwa kukaa nusu tupu, na iliyoshiba huchemka na kukausha maji yake. Mwenye mashine hununua betri moja mpya, huiweka na ya zamani, na kosa huanza upya. Waya wa redio huwa wa mwisho kushukiwa, kwa kuwa redio yenyewe inaimba.

Kibadili volti

Kibadili volti cha kisasa hukata umeme wa volti 24 vipande vipande kwa kasi kubwa na kutoa takriban 13.8. Vile vya zamani vilipunguza volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Hesabu yake ni rahisi: tofauti ya volti 14 kwa ampea 5 ni wati 70 za joto, karibu sawa na chuma kidogo cha kulehemu, ndani ya dashibodi.

Maandishi ya "wati 50 mara nne" kwenye uso wa redio ni ya matangazo. Kwa sauti ya kawaida redio hutumia ampea chache, na fyuzi iliyo nyuma yake, mara nyingi ya ampea 10, ndiyo kikomo chake halisi. Kibadili volti kinachotoa ampea 10 mfululizo hutosha kwa raha. Ni lazima kusoma maandishi vizuri, kwani vingi huandikwa namba ya kilele kwa herufi kubwa na ile ya mfululizo, ambayo inaweza kuwa nusu yake, kwa herufi ndogo.

Vibadili vya aina hii hutoa mkwaruzo wa redio vyenyewe. Kikifungwa karibu na waya wa antena, AM hujaa mlio na vituo hafifu vya FM hupotea. Hufungwa mbali na antena, kwenye chuma tupu ili kipoe, mahali pasipofikiwa na maji.

Umeme wa kibadili ni bora utoke upande unaokatwa na ufunguo. Mafundi wengine huvuta waya wa kudumu moja kwa moja kutoka betri ili redio isipoteze saa na vituo. Kibadili na redio vilivyolala vikitumia miliampea 20 tu kutoka betri, kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa, kwa mwezi 14 hivi. Mashine inayofanya kazi kila siku haitaona tofauti. Mashine iliyoegeshwa miezi mitatu ikisubiri malipo ya mkandarasi itakuwa imepoteza zaidi ya 40, na waya huo pia huruka swichi kuu ya betri, ambayo imewekwa ili mashine iwe salama usiku. Redio nyingi za sasa hukumbuka vituo bila umeme. Saa tu ndiyo hupotea.

Kuna mtego unaowakamata hata wenye uzoefu. Kibadili hulinda nyaya zilizopita ndani yake tu. Plagi ya zamani inaweza kuwa na waya wa taa za dashibodi, ule unaofifisha skrini ya redio taa zinapowashwa, na waya huo bado una volti 24. Ukiunganishwa na redio ya volti 12, redio huungua usiku wa kwanza opereta anapowasha taa. Waya huo huachwa bila kuunganishwa, ncha yake ikiwa imefungwa tepu.

Ukubwa, plagi na spika

Mashine nyingi zina nafasi ya redio ya ukubwa wa kawaida wa magari, uliowekwa katika kiwango cha ISO 7736: tundu la milimita 182 kwa 53. Redio yenye uso wa urefu mara mbili haiingii bila kukata plastiki. Kina kinahitaji kupimwa pia, kwa sababu nyuma ya redio hupita mabomba ya kiyoyozi na nyaya za skrini ya mashine. Redio isiyo na CD huwa fupi.

Plagi za kiwango cha ISO 10487 zimegawanyika sehemu mbili kuu: A ya umeme na B ya spika. Katika A, namba 4 ni umeme wa kudumu, 7 ni umeme wa ufunguo, 8 ni hasi, 5 ni ya antena na 6 ni ya taa. Baadhi ya watengenezaji wamebadilishana 4 na 7. Mashine za Kijapani za zamani zina plagi za kiwanda zisizofuata mpangilio huu, na rangi za nyaya zake haziaminiki. Hupimwa kila waya mmoja mmoja, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha umewashwa, na matokeo huandikwa kwenye karatasi.

Spika huonekana jambo dogo, lakini huua redio mpya nyingi. Katika mashine za zamani waya mmoja wa kila spika uliunganishwa na bodi ya chuma, au spika zote zilichangia waya mmoja wa kurudi, kwa kuwa redio za wakati huo ziliruhusu hivyo. Redio za sasa huendesha nyaya zote mbili za spika, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusa bodi. Ukigusa, saketi ya sauti hupata shoti. Redio nzuri hujizima, na ya bei nafuu huungua. Kipimo ni kimoja: plagi ikiwa imechomolewa, mita haipaswi kuonyesha uunganisho wowote kati ya waya wa spika na chuma cha kabini, wala kati ya spika moja na nyingine. Ikionyesha, huvutwa nyaya mpya mbili kwa kila spika.

Kuondoa na kufunga

Mashine huegeshwa mahali tambarare, ndoo au blade ikiwa chini, breki ya kuegesha imefungwa na wenzo wa kufunga haidroliki umewekwa. Ufunguo hutolewa na kukaa mfukoni mwa anayefanya kazi, ili mtu mwingine asiwashe mashine wakati mikono iko ndani ya dashibodi. Kisha swichi kuu ya betri huzimwa. Katika injini zenye mfumo wa AdBlue husubiriwa kwanza taa ya ishara karibu na swichi izime, kwa sababu baada ya injini kuzimwa pampu ya mfumo huo hurudisha maji yake tangini.

Redio za ukubwa wa kawaida hushikwa na fremu ya chuma yenye meno, na hutolewa kwa funguo bapa mbili zinazosukumwa pembeni. Zile za kiwanda mara nyingi hushikwa na skrubu zilizofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Plastiki ya kabini iliyopigwa na jua miaka kumi haipindi, inavunjika. Ni afadhali kutafuta skrubu ya mwisho kuliko kuvuta kwa nguvu.

Fyuzi huwekwa karibu kadiri iwezekanavyo na mahali umeme unapotoka. Maana ya fyuzi ni kulinda waya, na fyuzi iliyo upande wa redio hailindi mita mbili za waya zilizo nyuma yake. Kwa kibadili kinachotoa ampea 5, fyuzi ya ampea 5 upande wa volti 24 hutosha, pamoja na waya wa milimita za mraba 1.5. Viungo hubanwa kwa koleo lake na kufunikwa. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu hakufai mahali penye mtikisiko: tepu hulainika kwa joto, nyaya hufunguka, na ncha tupu hutafuta chuma. Popote waya unapopita kwenye tundu la chuma huwekewa mpira wa kuulinda, na hufungwa kwa vibanio kila baada ya sentimita 20 au 30. Betri za mashine zinaweza kutoa mamia ya ampea kwenye shoti. Waya mwembamba usio na fyuzi, ukisuguliwa hadi ukachubuka, huwa mwekundu kwa sekunde chache, na karibu yake huwa kuna sponji ya kiti, vumbi lenye mafuta na mipira ya haidroliki.

Mgongo wa redio huhitaji kushikiliwa pia. Redio iliyoshikwa na fremu ya mbele peke yake huning'inia kwa mgongo na kujichosha. Skrubu ya nyuma ya redio ipo kwa ajili hiyo, ingawa katika magari wengi huitupa.

Kabini ni kinga

Nguzo na paa la kabini ya mashine nyingi nzito ni fremu ya kumkinga opereta mashine inapobiringika, inayojulikana kama ROPS na kupimwa kwa kiwango cha ISO 3471. Mara nyingi ni kinga dhidi ya mawe yanayoanguka pia, FOPS, kwa kiwango cha ISO 3449. Watengenezaji hukataza kutoboa au kuchomelea fremu hiyo, kwani tundu au lehemu hubadilisha mahali chuma kinapopinda, na cheti cha kinga hupoteza nguvu yake. Kwa sababu hiyo antena, spika za ziada au kibadili volti havifungwi kwenye nguzo kwa skrubu mpya. Hutumika matundu yaliyokuwepo, vibanio vinavyokumbatia, antena yenye sumaku, au plastiki na mabati mepesi yasiyo sehemu ya fremu. Kibao chenye namba za cheti kwa kawaida kimebandikwa ndani ya kabini yenyewe.

Sauti na usalama

Kabini mpya iliyofungwa vizuri huwa na kelele ya takriban desibeli 70 hadi 75. Mashine ya zamani isiyo na kabini, au yenye vioo vilivyovunjika, inaweza kupita 90. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele mahali pa kazi zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Redio huongeza juu ya kelele iliyopo, kwa kuwa ili isikike lazima ishindane na injini. Kiyoyozi kikifa, opereta hufungua mlango, kelele huingia, na sauti ya redio hupandishwa. Mtu anayelalamika kwamba redio yake ina sauti ndogo wakati mwingine anahitaji mpira mpya wa mlango.

Hatari ya haraka zaidi ni kutosikia. Anayemwelekeza opereta anaposimama nyuma ya mashine hutegemea ishara za mkono, honi na filimbi. Redio nyingi zina waya wa kunyamazisha, uliokusudiwa simu ya gari, na waya huo unaweza kuunganishwa na redio ya mawasiliano ili muziki unyamaze ujumbe unapoingia. Ni waya mmoja tu, na ni wachache wanaousumbukia. Vifaa vya kuvaa masikioni si badala ya redio iliyoharibika. Maeneo mengi ya ujenzi na migodi huvikataza.

Redio za mawasiliano

Katika migodi na miradi ya barabara "redio imeharibika" inaweza kumaanisha redio ya mawasiliano, ile inayomwunganisha opereta na msimamizi na malori. Kuibadilisha ni kazi tofauti. Redio hizi nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.6 hivi na huhitaji kibadili pia, lakini chenye nguvu zaidi: ikitangaza kwa wati 25 huvuta ampea 6 hadi 8, na kwa wati 50 hupita 10. Kibadili kidogo cha redio ya muziki kitaiwasha na kuiruhusu kusikia, kisha kujizima kila opereta anapobonyeza kitufe cha kuzungumza, na lawama itakwenda kwa redio. Kitufe hicho hakibonyezwi kabla ya antena kuunganishwa, kwa sababu nguvu isiyo na pa kutokea hurudi na kuharibu saketi ya kurusha. Masafa yake huhitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi, kama vile TCRA nchini Tanzania, CA nchini Kenya au UCC nchini Uganda, na redio mpya hupangwa kwa masafa yaleyale ya kampuni kabla ya kufungwa.

Mahali panapolipuliwa miamba kuna sharti kubwa kuliko yote hayo. Nyaya za viwashi vya umeme vya baruti zinaweza kufanya kazi kama antena na kupokea nguvu ya redio inayorusha karibu nazo, na nguvu hiyo ikiwa ya kutosha inaweza kuwasha kiwashi. Umbali salama hutegemea wati, masafa na aina ya kiwashi. Kwa hiyo redio ya wati 5 ikibadilishwa kwa ya wati 25, umbali uliozoeleka hautoshi tena, na msimamizi wa ulipuaji anatakiwa kuambiwa kabla mashine haijarudi shimoni. Redio ya kusikiliza muziki, ambayo hairushi, haina hatari hiyo. Simu ya opereta iliyounganishwa nayo kwa bluetooth inarusha.